Taa za Konokono na Jibu Nililokucheleweshea

Mafiga,
Morogoro.
Jumapili, 22 Novemba 1953.

Mpendwa mpwa wangu Yakobo,

Shikamoo yako ya mwezi wa tisa ilifika salama, na marahaba yangu ndiyo hii, imekuja kwa miguu na imechukua miezi miwili. U hali gani huko Tabora? Kile kifua cha vumbi la stesheni kimetulia? Na chakula je, unakula cha moto, au bado mnashindia mihogo mikavu wewe na wenzako wa reli? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mama yako Felista alishikwa na homa siku tatu baada ya Watakatifu Wote, lakini amekwisha kuinuka, na juzi nimemkuta shambani anapanda maharage huku akimgombeza mbuzi wa jirani. Kwa hiyo amepona kabisa. Mimi nasumbuliwa na magoti mvua ikianza, na mvua imeanza.

Najua unachokitafuta katika barua hii. Nakuona huko uliko unaruka mistari. Uliniuliza jambo moja tu, kama mimi mjomba wako naridhia umwoe Modesta binti wa Mgeta, na ukaandika kwamba bila neno langu mama yako hatapeleka posa. Ni kweli, hatapeleka, ndivyo ulivyo ukoo wetu. Basi rudi juu usome taratibu. Jibu limo humu, ila limepitia kwenye taa za gari, na mimi nitakupitisha njia hiyohiyo.

Ulipoondoka baada ya Pasaka gari la matibabu la misheni lilikuwa bado halijaja. Ni lori dogo lililokuwa la jeshi. Mafundi wa misheni wamelijengea nyumba mgongoni: mifupa ya chuma, bati nje, mbao laini ndani. Mna kabati la dawa, beseni la kunawia, jiko la mafuta, na kitanda cha kukunja anacholalia Sista Magdalena, muuguzi wetu wa misheni, mvua ikifunga barabara. Darini mna taa tatu zinazowashwa kwa betri ya gari. Watoto wa Mgeta walipoliona linapanda kona polepole na nyumba yake mgongoni wakaliita Konokono, na jina limeganda. Dereva wa Konokono ni mimi. Na dresa wa Sista, yule anayesafisha vidonda na kushika daftari la wagonjwa, ni huyohuyo Modesta wako. Kwa hiyo tangu mwezi wa saba, siku nne kila wiki, nimekuwa nikipanda na kushuka mlima na mtu uliyeniomba nimkubali. Nadhani ulijua ulichokuwa unafanya.

Lilibarikiwa baadaye, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, katikati ya mwezi wa nane. Wiki moja kabla, Paroko alinipa makopo mawili ya rangi ya maziwa na moja la rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akasema nilipendezeshe kidogo ndani. Sasa wewe unanijua mimi na rangi. Huku kwetu ukungu hula chuma kuliko mchwa anavyokula mti, na mimi nimeapa kwamba kitu changu hakitaliwa. Nilipaka baiskeli, nikapaka banda la kuku, nikapaka kigoda cha bibi yako mpaka kikashikana na kanga yake Jumapili akienda misa. Basi gari la Bikira Maria ningelipaka kidogo? Nilifungua kila nati niliyoiona, nikapaka chini yake, nikapaka juu yake, nikairudisha mahali pake na kupaka tena. Siku ya baraka watu walipanga mstari kuingia kutazama. Akina mama walipitisha viganja ukutani. Nilisimama mlangoni nikiwa nimefura kama mwenye harusi.

Sasa taa. Mwanzoni zilikuwa zinakonyeza kidogo tu barabarani, na kwa kuwa kiangazi kilikuwa bado hakijaisha, hakuna aliyejali sana, madirisha yalitosha. Mvua za kwanza zilipokuja, ukungu ukashuka mpaka barabarani, na ndani ya Konokono mchana ukawa giza. Hapo ndipo tulipoona ugonjwa. Ukiwasha, taa zote tatu zinakuwa nyekundu kama makaa yanayozimika. Mtu akipanda ngazi zinawaka vizuri, akishuka zinafifia. Mlango ukigongwa zinacheza. Sista alikuwa anatazama macho ya watoto huku akihesabu kwa Kizungu, akingoja mwanga urudi.

Nikamwita rafiki yangu Salehe, fundi wa magari pale mjini, unamkumbuka, yule aliyejifunza kazi vitani na hasahau kukwambia. Mara ya kwanza akabadilisha globu. Ziliwaka jioni ile, kesho yake milimani zikafifia. Mara ya pili akatoa betri, akasafisha vichwa vyake kwa maji ya moto na soda, akaichaji siku nzima. Yaleyale. Mara ya tatu akakuna kichwa na kusema labda ni dainamo. Wakati wote huo Modesta alikuwa pembeni yake anampa spana na kumwuliza maswali: hii waya inatoka wapi, hii inarudi wapi, mbona nyingine haina mwenzake. Nami nikawa naona haya kwa niaba ya rafiki yangu.

Maana hilo ndilo lililonizuia kukujibu, Yakobo, na sina sababu ya kulificha. Msichana huyu ana maswali. Mwezi wa nane nilimwambia mzee mmoja wa Bunduki kwamba dawa yake anywe mara tatu, na Modesta akasema mbele ya watu wote kwamba ni mara mbili, Mzee Agustino, ya tatu itamdhuru. Alikuwa na haki, lakini je, mbele ya watu? Nikasema moyoni, huyu ataingia katika nyumba ya dada yangu aanze kuuliza kwa nini chumvi inakaa juu na si chini. Mimi nilikuwa nimemwekea jicho Cecilia wa katekista Dominiko. Cecilia hana swali hata moja. Nilikuwa nimeanza hata kukuandikia hivyo, na karatasi ile nilikaa nayo chini ya mto wiki tatu.

Mwanzoni mwa wiki iliyopita Paroko akaniita. Alisema kwa upole, na upole wake ndio mbaya. Kama taa hazijapona kufikia Ijumaa, Konokono litapelekwa Dar es Salaam likafunguliwe lote, na likirudi litafanya kazi tambarare, upande wa Dakawa, ambako jua lipo na barabara haisumbui. Watu wa milimani wateremke mjini kwa miguu kama zamani. Kuhusu dereva hakusema chochote, nami sikuuliza. Unajua ni akina mama wangapi wamebebwa kwa machela kutoka Mgeta hawakufika? Mamako mdogo ni mmoja wao.

Alhamisi tukapanda. Mvua ilikuwa inanyesha tangu Mzumbe, na tulipofika Mgeta ukungu ulikuwa umefunika hata msalaba wa kanisa. Hatujamaliza kukunjua ngazi, wakaja watu wanne wamembeba Kristina, mke wa mkulima wa kabichi pale juu. Jembe lilimteleza kwenye tuta, likampasua mguu juu ya kifundo. Damu ilikuwa nyingi. Sista akasema ni kushona sasa hivi, mlango ufungwe mvua isiingie, na taa iwashwe.

Nikawasha. Nyekundu, kama makaa. Nikasema nilete kandili, Sista akakataa kwa ukali, maana alikwisha kumwaga spiriti ya kusafishia na moto usingekaa karibu. Akaanza kutafuta mshipa kwa vidole. Kristina hakulia, alikuwa ananitazama mimi, na mimi nilikuwa natazama dari.

Modesta alikuwa ameshika kitambaa juu ya kidonda kwa mkono mmoja. Akaanza kuniuliza bila kunigeukia, kwa sauti ileile anayowauliza wagonjwa. Zilianza lini? Nikamjibu kwa hasira kwamba mimi ni dereva, si mgonjwa. Akarudia: zilianza lini, Mzee Agustino? Nikasema baada ya sikukuu. Kabla ya sikukuu ziliwaka vizuri? Vizuri sana. Taa za mbele za gari nazo zinafifia? Hapana, zile hata sasa zinaunguza macho. Basi betri si mgonjwa, akasema, na globu ni mpya. Zote tatu zinaugua pamoja na kupata nafuu pamoja? Nikakubali kwamba ni pamoja. Kisha akaniambia niugonge mlango kwa bega. Nikaugonga, nikiona upuuzi mtupu. Taa zikaruka juu, zikaanguka.

Akasema, "Umeme unakwenda lakini haurudi vizuri."

Salehe alikuwa amemweleza, yale maswali hayakupotea: umeme wa gari huenda kwa waya, na kurudi hurudi kwa chuma cha gari lenyewe. Penye kugusana vibaya, unarudi kwa kusitasita. Akamwomba mume wa Kristina ashike kitambaa. Akanawa, akachukua koleo refu la chuma la kidaktari, lile la kushikia pamba, akapanda juu ya sanduku. Ncha moja akaigusisha kwenye kitako cha ile taa ya karibu na mlango. Nyingine akaigusisha kwenye bawaba ya mlango, pale ambapo chuma kimesuguana mpaka rangi yangu imeondoka.

Yakobo, zikawaka. Siyo moja, zote tatu. Nilikuwa sijawahi kuziona zikiwaka hivyo tangu mwezi wa nane. Niliona kila nywele kichwani kwa Sista, niliona sindano, niliona uso wa Kristina ukilegea. Modesta akasimama pale juu ya sanduku, mikono yote miwili hewani, hakutikisika hata kidogo, mpaka Sista alipomaliza. Nyuzi kumi na moja. Nimekwisha kuona wanaume wakishika bendera kwa nusu ya muda huo wakayumba. Ukiniuliza nilijisikiaje, nilijisikia mdogo, na nilifurahi kuwa mdogo, jambo ambalo halijanitokea mara nyingi.

Kristina alipokwisha kufungwa na kupewa chai, Modesta akaanza kufuata waya wa kurudi, kidole juu ya waya, kutoka taa ya kwanza mpaka nyuma ya kabati la dawa. Pale waya umekazwa kwenye nguzo ya chuma kwa nati moja, na nati hiyo moja ndiyo inayohudumia taa zote tatu. Akainama, akatazama, akaacha kusogea. Nami nikainama nyuma yake. Nati ilikuwa nzuri kuliko zote garini. Nyekundu chini, rangi ya maziwa juu, na juu ya maziwa, maziwa tena. Nilikuwa nimepaka chuma, nimepaka kichwa cha waya, nimepaka hata tundu. Umeme ulikuwa unapita kwa kubahatisha, gari likitikisika na chuma kikipata nafasi ya kugusa mwenzake.

Naijua nati ile. Niliipaka nikiimba.

Sista akauliza kutoka kwenye beseni ilikuwa nini. Na hapa ndipo nataka usome polepole kuliko pote. Modesta alijua. Alinitazama usoni, na najua kwamba alijua, kwa maana mikono iliyopaka rangi katika misheni ile ni hii yangu tu. Angeweza kusema, na ningestahili. Mimi mwenyewe nimemnunia miezi mitatu. Alisema hivi:

"Waya ulikuwa haujakamata chuma, Sista. Mzee Agustino ndiye anayejua pa kuufunga."

Kisha akanipa kisu na kipande cha msasa, akaondoka zake kwenda kuosha vyombo, akanipa mgongo makusudi ili nifanye kazi yangu bila kutazamwa. Nikakwangua, Yakobo. Nilikwangua mpaka chuma kikang'aa cheupe, nikasugua kichwa cha waya, nikakaza, nikapaka grisi kidogo juu kuzuia maji. Nilikuwa natokwa na machozi, na usimwambie mama yako.

Ijumaa asubuhi Paroko akaja kutazama. Akawasha, akazima, akagonga mlango, akapanda na kushuka ngazi mara nne kama mtoto. Akanishika bega, akasema, Agustino, sikujua kama wewe ni fundi wa umeme pia. Na mbele ya Mungu nakuambia, nilifungua kinywa kusema asante. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Modesta alikuwa anapanga bandeji, hakuinua uso. Alikuwa ameniachia.

Nikasema, "Padre, aliyeziua taa ni mimi, kwa rangi. Aliyezifufua ni huyu binti."

Nikaeleza yote, nati kwa nati. Paroko alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, nikasubiri kufukuzwa. Alipomaliza kusikiliza alininyoshea mkono, na nilidhani anataka ufunguo wa gari. Alitaka ufunguo wa stoo ya rangi. Anao mpaka leo. Konokono linabaki milimani, na kesho alfajiri tunapanda tena kumtazama Kristina, ambaye naambiwa amekwisha kuanza kugombana na watu walioshika jembe lake vibaya.

Nilipomweleza Salehe alicheka mpaka akakaa chini. Alisema amefungua magari ya majenerali na ya wakulima wa mkonge, hajapata kuona mtu anayepaka rangi chini ya nati. Kisha akaacha kucheka, akasema yule msichana alimwuliza swali la waya wa kurudi mara mbili, na mara zote mbili alimjibu bila yeye mwenyewe kulifikiria. Hilo lilimwuma kidogo, nami sikumpoza.

Sasa jibu lako. Ile karatasi ya Cecilia nimeichana jana na kuwashia jiko. Cecilia atapata mume mtulivu na watakaa kimya pamoja kwa furaha. Wewe huwezi mke asiyeuliza, umekuwa mtu wa kukubali mambo kwa haraka tangu utoto, na utadanganywa na kila mtu. Unahitaji mtu wa kuuliza zilianza lini. Na mimi nakuambia jambo jingine ambalo kijana halioni upesi: watu wenye akili ya kuona kosa lako wako wengi, lakini aliyeliona, akakupa kisu ulikwangue mwenyewe, akakugeuzia mgongo, huyo mimi sijamwona mwingine katika miaka yangu hamsini na sita.

Kwa hiyo naridhia. Na si kuridhia tu, nimetangulia. Nilizungumza na mama yako jana, akasema alikuwa ananingoja tangu Septemba. Salehe amekubali kuwa mshenga wetu, na Jumatano atapanda na Konokono kupeleka barua ya posa kwa mjomba wake Modesta, Mzee Stefano, kule Mgeta. Mjomba kwa mjomba, tutaelewana. Omba ruhusa ya kazi mapema, usije ukafika baada ya wageni.

Modesta bado ananiita Mzee Agustino, na ni haki yake, posa haijafika. Lakini jana nilipokuwa nafagia kile chumba cha mbele ambamo mtakaa, alipita kumpelekea mama yako dawa ya kumalizia, akasimama mlangoni, akaniuliza kama nitapaka rangi. Nikamwambia ufunguo wa stoo sina, achague yeye rangi na aniambie pa kuanzia na pa kuachia. Alicheka, Yakobo, na kicheko kile nakutumia humu kwa kuwa ni chako.

Nisalimie wenzako wote wa reli, na yule mzee anayewafulia nguo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama blanketi alilokufumia unalitumia au umemgawia mtu. Salehe na mkewe Asia wanakusalimu, Dominiko na Cecilia pia, bila kinyongo, maana hawakujua neno. Sista Magdalena anasema umpelekee picha yako aone kama unastahili. Kristina, ambaye humjui, nilimwahidi kwamba atacheza harusini kwa miguu yote miwili.

Mungu akulinde kwenye reli mchana na usiku, akupe afya ya kifua na akili ya kusikiliza. Mimi kila asubuhi, kabla sijawasha gari, naingia nyuma ya kabati na kuipangusa nati ile kwa kitambaa. Ndicho chuma pekee nilichonacho ambacho hakina rangi, na ndicho ninachokitunza kuliko vyote.

Ni mimi mjomba wako akupendaye hata anapochelewa kujibu,

Agustino